Quartz ya Mtu wa Aru

Nikisikia mtu anasema anataka kuiongezea kompyuta yake mbio, kupita zile ilizotoka nazo kiwandani, ninaondoka pale na kwenda kuchambua mchele, hata kama umeshachambuliwa. Sitaki kusikia. Wataniambia haigharimu kitu, ni kufungua tu na kugusa kipande kimoja kidogo huko ndani. Najua ni kidogo. Chetu kilikuwa kidude cha bati chenye miguu miwili, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Wakiniuliza kama inafaa kujisumbua, jibu ninalo, lakini ni refu, na vijana hawana subira ya kumsikiliza mama mzee.

Miaka ile ya themanini nilikuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza katika shule moja ya msingi hapa Bunia. Mwaka wa kwanza walimu wengine wanaukimbia. Mtoto anafika hajui kushika kalamu, analia, anakojoa darasani, na kila mmoja amekuja na lugha ya kwao: huyu Kilendu, huyu Kibira, huyu Kialur kama mimi, yule Kinande kama bwana yangu. Mimi niliupenda. Alasiri nilikuwa nasoma masomo ya juu ya ualimu, pamoja na watu wengine wenye kazi, na mitihani yote nilikuwa nimeshapita. Ilibaki kazi ya mwisho tu, kile kitabu ambacho mwanafunzi anaandika, anakipeleka kwa walimu wakubwa, kisha anasimama mbele yao kukitetea.

Directrice wetu, mwalimu mkuu wa shule, alikuwa anaenda kupumzika mwisho wa mwaka ule wa shule. Siku moja aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Nimepeleka jina yako," akasema. "Lakini wanataka mutu iko na diplome. Kama unaweka kazi yako mbele ya mwisho wa mwezi wa sita, kiti iko yako. Ukichelewa, watatuma mutu mwingine, na mimi sitakuwa hapa tena kwa kukusemea."

Nilikitaka kile kiti, nasema wazi. Nilikuwa nimechoka kuamrishwa na watu ambao hawajamfundisha mtoto hata herufi moja. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilijua kwamba mlango wa namna ile hauji kufunguliwa mara mbili kwa mwanamke wa mwaka wa kwanza.

Kazi yangu ilikuwa juu ya makosa ya watoto. Kwa miaka miwili nilikuwa nanakili kila kosa, na nani kalifanya, na nyumbani kwao wanasema lugha gani. Nilikuwa nimegundua kwamba mtoto hakosei ovyo. Anakosea kwa kufuata njia ya mama yake, na ukiijua njia hiyo unaweza kumrudisha bila fimbo. Hakuna aliyekuwa ameliandika jambo hilo kwa watoto wa kwetu. Madaftari yangu yalijaa sanduku moja zima la sabuni.

Kompyuta ilikuja kwa bahati. Kulikuwa na mwalimu wa kizungu, mwanamke, aliyekuwa akifundisha shule ya sekondari, na mimi nilikuwa namfundisha Kiswahili. Aliporudi kwao aliniachia mashini yake ya nyumbani. Ilikuwa kibao kinene cha kuandikia, unakiunganisha na televisheni ndogo, ambayo Bunia haikuwa na kazi nyingine maana picha hazikufika huku, na maandishi yako unayaweka katika kaseti ya kawaida, kwa radio-cassette. Ukiisikiliza kaseti hiyo inapiga kelele kama mlango wenye kutu. Alinionyesha namna ya kuandika, kusahihisha, kuweka. Mashini ya kuchapa kwenye karatasi hakuwa nayo. Lakini karani wa misheni huko Boga alikuwa na kompyuta ya aina ileile na imprimante yake, na aliniandikia barua: mama, usijisumbue kubeba mashini, lete kaseti tu, tutachapa yote siku moja.

Sasa bwana yangu. Alikuwa fundi wa foni, ile redio ambayo wafanyabiashara na misheni walikuwa wanasemea kutoka mji mpaka mji, kwa sababu simu hatukuwa nayo. Foni haisemi hewani popote inapotaka. Ndani yake kuna vidude vya bati vinaitwa quartz, kila kimoja kimekatwa kwa mahali pake hewani. Ukiweka quartz ya Aru unasema na Aru. Ukiitoa, foni ni sanduku tu. Bwana yangu aliwajua wateja wake kwa quartz zao kuliko kwa sura. Alikuwa mtu wa Butembo, safi, mwenye haraka, meza yake imepangwa, misumari midogo katika kopo lake na mikubwa katika lingine. Alinipenda, sikatai. Kitu ambacho hakukiweza ni kuona mashini imefungwa na yeye hajui kilicho ndani.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa naandika, yeye amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Mama, mashini yako iko na uvivu."

"Haina uvivu. Ni miye ninaandika polepole."

"Hapana. Angalia. Ukitia mustari mupya katikati, inasimama, inafikiri. Watu ya fabrique waliifunga kamba. Wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

"Wanaogopa watu wasiojua kazi. Mimi ninajua kazi."

Akaifungua. Alikuta quartz mbili, moja ya picha na moja ya moyo wenyewe wa mashini, na akafurahi kama amekutana na ndugu. Akanieleza kwamba ile ya moyo ndiyo inayopiga ngoma, na mashini inacheza kwa kufuata. Badilisha mpiga ngoma, weka mwenye mikono myepesi, mashini itacheza kwa mbio zaidi. Mpiga ngoma huyo alikuwa mezani kwake. Kulikuwa na foni ya mfanyabiashara mmoja wa Aru iliyokuwa inangoja kipande kutoka Kinshasa, na quartz yake moja ilifaa kabisa.

"Ni ya mutu," nikasema.

"Ni ya mutu, lakini inalala. Kipande ya Kinshasa itafika lini? Weye unajua? Miye sijui. Siku ikifika, ninairudisha."

Sikukataa. Hilo naliandika mwenyewe, kabla mtu mwingine hajaniandikia. Kwetu fundi kuazima kipande kwa mteja na kutia kwa mteja mwingine lilikuwa jambo la kila siku, ila lilikuwa jambo lisilosemwa. Wazee wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi msemo huo nilikuwa naufundisha darasani.

Nitasema ukweli pia juu ya zile mbio: zilikuwepo. Zamani nikiingiza neno katikati ya ukurasa nilikuwa naweza kumeza mate mara tatu kabla mstari haujasogea. Sasa maandishi yalifuata vidole vyangu. Kaseti iliyokuwa inachukua dakika kumi ilimaliza kwa dakika saba. Bwana yangu aliwaita mafundi wenzake, wakaja na saa zao mkononi, wakapima, wakatikisa vichwa. Mashini ilipata joto, basi akatoboa matundu chini yake na kuiinua juu ya vikombe viwili vya bati ili ipate hewa. Nilikuwa naona fahari, tena fahari kubwa. Dakika tatu kwa kila kaseti. Leo nikizikusanya zote, hazitoshi kupika sufuria moja ya maharagwe.

Kulikuwa na kaseti moja tu ya zamani, niliyoiandika kabla ya kugusa moyo wa mashini. Ilikuwa na sura ya kwanza. Nilipoitia, mashini ilikataa, ikaandika erreur, yaani kosa. Nikaitia tena, ikakataa.

Bwana yangu aliitoa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii imeingia vumbi. Bunia na vumbi yake. Andika ingine."

Nilikuwa na sura ile katika daftari, nikaiandika upya kwa siku mbili. Kaseti mpya iliingia bila shida. Basi nikaamini vumbi. Vumbi la Bunia tunaliamini siye wote, lina lawama ya kila kitu.

Na kwa sababu sasa mashini ilikuwa na mbio, niliacha kuandika kwanza kwa mkono. Kila daftari nililomaliza kulihamisha lilikuwa halina kazi. Karatasi wakati ule ilikuwa shida, na mama wa karanga pale kwenye kona alikuwa ananisumbua kila asubuhi, mwalimu, huna makaratasi ya kufungia? Nikampa. Nikampa daftari moja, kisha mengine, mwishowe sanduku zima. Watu wa mtaa wetu walikula karanga katika miaka yangu miwili, na mimi mwenyewe nilinunua.

Nilimaliza mwezi wa sita ulipofika katikati, siku zikiwa bado zipo. Kurasa themanini na kidogo. Nikaweka kila sura katika kaseti mbili, maana mimi ni mtu wa kujihadhari, nikazifunga katika kitambaa, nikapanda kamyo ya Boga.

Karani wa Boga alikuwa mzee mpole, mwenye sweta hata wakati wa jua. Karatasi alikuwa ameziandaa. Akatia kaseti ya kwanza. Mistari ikapita kwenye televisheni, kisha erreur. Akatia ya pili, vilevile. Akasafisha kichwa cha radio-cassette kwa spiriti na pamba, akaongeza sauti, akapunguza, akageuza upande. Tulifanya hivyo kutwa nzima, na siku ya pili asubuhi tukarudia, kaseti zote, na nakala zake zote.

Mwishowe akavua miwani. "Mama, mashini yenu hamukuigusa?"

"Hapana," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hapana. Labda kwa sababu alikuwa mtu wa kanisa, na quartz ilikuwa ya mtu. Aliniamini, akanifungia kaseti zangu katika kitambaa kwa heshima kubwa, na akanipa ndizi za njiani.

Katika kamyo ya kurudi ndipo nilipoikumbuka ile kaseti ya sura ya kwanza, nikaelewa. Si vumbi. Kaseti iliyoandikwa kwa ngoma ya pole haisomeki kwa ngoma ya mbio, na iliyoandikwa kwa mbio haisomeki kwa pole. Kaseti zangu zilikuwa nzima kabisa, ila zilisomeka kwa mashini moja tu duniani, na mashini hiyo iko mezani kwangu. Basi hakuna shida, nikajiambia. Nitaifunga katika godoro, nitaibeba mpaka Boga, tutaifunga kwenye imprimante ya karani, tutachapa. Siku kumi zilibaki. Nilitulia hata nikalala juu ya magunia.

Nilipoingia nyumbani niliikuta mashini imelala bapa juu ya meza. Vile vikombe viwili vilikuwa vimeoshwa na kurudishwa kabatini. Nikaiwasha, nikaandika mstari mmoja, nikaingiza neno katikati. Ikasimama, ikafikiri.

"Baba," nikasema, "quartz iko wapi?"

Alikuwa anafuta bisibisi kwa kitambaa. "Mwenyewe alikuja."

Kipande cha Kinshasa kilikuwa kimefika, na mtu wa Aru alikuja na motoka siku niliyoondoka. Bwana yangu aliirudisha quartz mahali pake, akaijaribu foni, ikasema vizuri, mteja akafurahi, akaondoka nayo. Nilimweleza ya Boga. Hakushangaa. Aliendelea kufuta ile bisibisi iliyokwisha kuwa safi.

"Weye ulijua," nikasema.

"Nilifikiria hivyo ile siku ya kaseti ya kwanza."

"Na ukaniambia vumbi."

"Nilisema tutapeleka mashini yenyewe, siku ikifika."

"Ulisema na nani? Maana na miye hukusema."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kuniambia kulikuwa kukiri kwamba mashini haikuwa na uvivu wowote, kwamba watu wa kiwandani walikuwa na sababu, na hilo halikuweza kutoka mdomoni mwake. Aliniacha nipande kamyo na kaseti zangu huku akitumaini kwamba labda zitakubali.

Siku mbili alijitahidi, hilo simnyimi. Alijaribu kila quartz aliyokuwa nayo, zote mbio zake zilikuwa mbali mno na za ile ya mtu wa Aru. Kisha akapata wazo la kuipunguzia kaseti mwendo: akatia katika radio-cassette pile, yaani betri, zilizozeeka, ili izunguke kwa uchovu. Na mashini ikasoma. Jina langu likatokea kwenye televisheni, na kichwa cha kazi, na mistari kumi na mmoja ya utangulizi, kisha takataka, kisha erreur. Tulirudia mpaka pile zikafa kabisa, hatukupata hata mstari wa kumi na mbili. Afadhali isingesoma kitu. Kuyaona maneno yangu yakiwa hai mle ndani kuliniumiza kuliko Boga.

Nikasema, "Mwite mutu wa Aru kwa foni. Aseme quartz iletwe na kamyo."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Niliijua sababu. Katika foni hakuna siri. Mtu akisema na Aru, Mahagi inasikiliza, Mungbwalu inasikiliza, kila karani na kila mke wa karani ameweka sikio, ndiyo starehe yao ya mchana. Angelazimika kusema mbele ya wateja wake wote kwamba kipande cha mteja kilikaa miezi katika mashini ya mke wake.

"Basi nitaenda miye," nikasema.

"Utamuambia nini?"

"Ukweli."

"Ukisema ukweli, miye sina kazi tena. Nani ataleta foni yake hapa? Tutakula diplome yako?"

Siku nane zilikuwa zimebaki. Mpaka Aru na kurudi, kama mvua inasamehe, ni siku tano au sita. Nikifika tu Bunia na quartz, naibeba mashini mpaka Boga. Iliwezekana. Nimeihesabu njia hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara inawezekana. Asubuhi nikafunga nguo zangu, nikaenda kunakopakiwa kamyo za Aru, nikapanda, nikakaa juu ya mizigo. Bwana yangu hakunizuia wala hakunisindikiza.

Kando yangu alikaa mfanyabiashara mmoja wa chumvi. Akanitambua.

"Mama, si weye bibi ya fundi wa foni?"

"Ni miye."

"Bwana yako ni fundi ya kweli. Nimetembea na foni yangu kwa mafundi yote, kila moja inaniibia kipande. Bwana yako ni yeye peke yake. Ukimuachia foni, unaikuta na vitu vyake vyote."

Aliyasema kwa sauti, na wawili watatu waliokuwa juu ya mizigo wakaitikia, ndiyo, ni kweli. Nikasema asante. Dereva akaanza kupasha moto injini. Nikaona namna nitakavyofika Aru, na namna maneno yangu yatakavyorudi Bunia kabla yangu, na watoto wetu wawili, na ile meza safi. Nikasema nimesahau kitu nyumbani, nikateremka. Kamyo iliondoka bila mimi na nilisimama pale mpaka haikusikika tena.

Sikumsamehe na sijisamehe mimi. Angalau yeye alikuwa na hofu ya kupoteza kazi yake. Mimi niliteremka kwa ajili ya sifa ya uongo, na nilijua kwamba ni ya uongo.

Siku zilizobaki nilijaribu kuandika upya kwa mkono. Nadharia niliikumbuka. Lakini makosa ya watoto, nani aliandika nini, lini, ngapi, hayo hayakai kichwani. Nilikwenda kwa mama wa karanga, akanionea huruma, akapekua kikapu chake, akapata jalada moja. Niliandika kurasa ishirini na sita zisizo na ushahidi, nikazichana. Siku ya mwisho nilikwenda kwa karani wa masomo nikamwambia nimeugua malaria. Aliandika malaria.

Mwezi wa tisa alikuja directeur mpya, kijana ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha chaki zinakaa wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananiita mama na kuniomba shauri, kisha anafanya kinyume. Mwaka uliofuata mwalimu aliyekuwa ananiongoza alihamishiwa Kisangani, aliyechukua nafasi yake akataka nianze na kichwa kingine, wale watoto wangu walikuwa wameshajua kuandika, na mimi nilikuwa na mimba ya tatu. Nilibaki mwaka wa kwanza mpaka nywele zikageuka. Mashini niliifunika kwa kitambaa. Mama wa jirani akisema haraka haraka haina baraka, namwambia aende na baraka zake kwao.

Miaka ile ya themanini ikielekea mwisho wake, nilikwenda Mahagi kwenye arusi ya mtoto wa kaka yangu. Watu walipokwenda kuchukua chakula nilibaki mezani na muzee mmoja mnene, aliyejitambulisha kuwa anafanya biashara Aru. Alipojua mimi ni mke wa nani, akaanza zile sifa. Fundi wa kweli. Foni yake, ile iliyongoja kipande cha Kinshasa, mpaka leo inasema.

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, ilitoka yenyewe, yote, tangu quartz mpaka kaseti mpaka kiti. Alinisikiliza na sahani tupu mbele yake. Nilipomaliza aliuliza ilikuwa quartz gani kati ya zile za foni yake, nikamweleza ilikokuwa, ya tatu kutoka kushoto, kama nilivyoiona ikitolewa.

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama. Ile ya tatu ilikuwa ya ndugu yangu, alikuwaka na duka ngambo ya Aveba. Alilifunga zamani, mbele hata foni kuharibika. Ile quartz hatuiguse mpaka leo. Ungetuma barua moja na dereva, ningeing'oa na kisu, ningekupa."

"Na fundi?" nikasema. "Ungemfanya nini fundi?"

"Ningemufanya nini? Mafundi yote wanaazimaka. Yeye alirudisha."

Watu wakarudi na chakula, tukala.

Niliporudi Bunia nilimpikia bwana yangu bugali na samaki wa ziwa niliotoka nao Mahagi, nikangoja amalize tonge za kwanza, kisha nikamweleza maneno ya muzee wa Aru kama yalivyosemwa. Aliacha kula. Nilifikiri atasema kitu juu ya kazi yangu. Miaka yote ile hatukuwa tumeitaja, na nilikuwa tayari kusikia chochote, hata neno moja la pole.

"Ulimuambia ni miye niliichukua?"

"Nilimwambia."

Akanawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akajifuta.

"Pale mezani," akasema, "kulikuwa watu wengine wanasikia?"

Nikamjibu kwamba meza nzima ilisikia, na watu wa Mahagi, na wa Mungbwalu pia. Haikuwa kweli, tulikuwa wawili tu. Mpaka leo sijamwambia.